Ukumbi wa Picha Kwenye Migomba: Historia Fupi ya Maonyesho ya Sanaa Mlimani Kwetu



Katika mkutano mkuu uliopita, tulipofika kwenye kifungu cha bajeti kinachosomeka "chumba cha maonyesho, pamoja na kabati na daftari", mjumbe mmoja alinyoosha mkono akauliza swali fupi: maonyesho ya nini? Ukumbi ulicheka. Akaendelea kwamba paa la darasa la tatu linavuja, bomba la kitongoji cha juu halijatoa maji tangu Pasaka, na sisi tunaoshika vitabu vya fedha tunataka kununua misumari ya kutundikia picha. Swali lile lilikuwa la haki, na siku ile tulilijibu vibaya. Tulisema jambo hilo limeshapita kwenye kamati, tukaenda kifungu kinachofuata.

Kamati imetupa kurasa hizi ili tulijibu upya. Sisi ni watu wa hesabu, hatukusomea historia wala sanaa. Uchoraji wetu mkubwa ni ile mistari miwili chini ya jumla. Lakini tumesoma tulichoweza kusoma, tumeuliza wazee, na tumeona kwamba kifungu kile si kigeni mlimani kama tulivyodhani. Mtu wa kwetu alifungua ukumbi wa picha Marangu mwaka 1964.

Kwanza neno lenyewe. Wengi wetu tukisikia maonyesho tunafikiria Saba Saba ya Dar es Salaam au Nane Nane ya Njiro: trekta, ng'ombe wa maziwa, mabanda ya wizara, fulana za bure na foleni ya nyama choma. Maonyesho ya picha ni jambo dogo na la kimya. Unaingia chumbani, unasimama mbele ya ukuta, unatazama kile ambacho mtu mwingine alikitazama kabla yako. Tuseme kweli, mpaka tulipoanza kuandika makala hii wengi wa ofisi yetu walikuwa wameingia kwenye chumba cha namna hiyo mara moja au mbili tu, na mmoja wetu aliingia kwa sababu nje ilikuwa inanyesha.

Tuanze na Sam Ntiro, aliyezaliwa huku Kilimanjaro mwaka 1923. Ilikuwaje kijana wa mlimani wa miaka ile akawa mchoraji? Sehemu ya jibu ni shule za misheni, na sehemu nyingine ni kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Kahawa ilinunua bati, ilijenga makanisa na ililipa ada za watoto wengi. Vijana wa mlimani wakaanza kufika Makerere, Uganda, na huko walimkuta mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa ameanza kufundisha uchoraji barazani kwake. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Barazani hadi London katika miaka michache tu. Mambo haya hayakuhitaji jengo kubwa ili kuanza, na tunaomba mjumbe wetu aliyeuliza swali alishike hilo.

Ntiro alisoma Makerere, akafundisha hapo hapo, akaenda London katika chuo cha Slade, na mwaka 1955 picha zake zikaonyeshwa katika ukumbi wa Piccadilly Gallery. Uhuru ulipopatikana, yeye ndiye aliyekuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, kazi aliyoishika hadi 1964. Baadaye alishika uongozi wa mambo ya utamaduni serikalini. Alifariki mwaka 1993. Baadhi ya wazee wetu wanamkumbuka zaidi kwa kitabu chake kidogo cha Kiswahili cha mwaka 1953, Desturi za Wachagga.

Alichora nini? Alichora sisi. Picha zake zimejaa watu wadogo wadogo wanaofanya kazi kwa pamoja: wanajenga, wanavuna, wanabeba mizigo, migomba imewazunguka. Mojawapo, ya mwaka 1956, iko leo Museum of Modern Art mjini New York. Jina lake kwa Kiswahili tungesema ni wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi, usiku. Msomaji wa New York anahitaji maelezo. Sisi tunajua kuwa ile ni mbege, tunajua ndizi zilichemshwa siku kadhaa kabla na ulezi ukaingia mwishoni, na tunajua kwa nini safari ile haifanywi mikono mitupu.

Picha yenyewe si kubwa, upana wake ni karibu nusu mita. Kilichotusimamisha sisi watu wa vitabu ni kumbukumbu yake: jina la mchoraji, mwaka, rangi ya mafuta kwenye turubai, vipimo, na mfuko uliolipia manunuzi. Mistari mitano tu, lakini kwa mistari hiyo mtoto wa Mwika mwenye simu anaweza kuiona mbege ya babu yake iliyoko ng'ambo ya bahari. Mbege ile ile ya babu, hapa nyumbani, haimo katika daftari lolote la kata yetu. Tuna daftari la rambirambi, daftari la maji, daftari la michango ya harusi. La vitu vyetu wenyewe hatuna.

Sasa twende Marangu.

Elimo Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932, na katika miaka ya 1950 naye alipita Makerere kwa Trowell. Mwaka 1959 alichora picha kubwa za ukutani katika kanisa la kumbukumbu la Anglikana pale Fort Hall, Murang'a ya leo, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Picha ni tano, tangu kuzaliwa kwa Yesu mpaka msalabani, na Yesu wake ni Mwafrika katikati ya vilima na watu wa nchi ya Wakikuyu. Kwa mwaka 1959 lile lilikuwa jambo la ujasiri. Sisi tulilelewa na picha ya Yesu mwenye nywele za dhahabu kwenye kalenda ya sebuleni, kwa hiyo tunaelewa uzito wake. Na tumependa jambo moja zaidi: mama aliyetoka shambani akaingia kanisani kusali alizikuta picha zile pale ukutani, hakukata tiketi wala hakuulizwa kama ana kadi ya mwaliko.

Miaka mitano baadaye, mwaka ule ule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, Njau alifungua Kibo Art Gallery nyumbani kwao Marangu, kwenye kahawa na migomba.

Tunaomba mtuvumilie hapa, maana tukio lenyewe linapitwa haraka sana na watu. Mwaka 1964 ukumbi wa picha katika Afrika Mashariki ulikuwa kitu cha mjini. Kampala kulikuwa na Makerere. Nairobi kulikuwa na kituo cha Chemchemi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele, na Njau mwenyewe alifanya kazi huko. Mnunuzi wa picha alikuwa mtu mwenye gari, mara nyingi mgeni. Njia ya kawaida ya kijana wa kwetu aliyefanikiwa ilikuwa, na bado ni, kushuka: Marangu, Himo, Moshi, halafu basi la Nairobi au la Dar. Akirudi Desemba analeta sukari, kitenge na redio. Huyu alirudi na ukumbi wa picha. Aliamini kwamba mtu wa kijijini ana macho, na kwamba macho hayo yanastahili kuonyeshwa kazi nzuri bila kwanza kulazimishwa kupanda basi.

Alikuwa pia na msimamo mkali juu ya kuiga. Katika jarida la Transition la Kampala, mwaka 1963, aliandika makala yenye hoja kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Mtu anaweza kusema hiyo ni kauli ya msanii. Lakini pitieni kwenye maduka ya vinyago barabara ya kuelekea lango la hifadhi, hesabuni ni vinyago vingapi vya twiga vinavyofanana hadi mkunjo wa shingo, kisha mtuambie.

Mwaka 1965 Njau na wenzake, wakiwemo mshairi Jonathan Kariara na mwanahabari Hilary Ng'weno, walianzisha Paa ya Paa mjini Nairobi. Jina lile ni la kuchezea Kiswahili: paa mnyama, paa la nyumba, na kupaa kwenda juu. Waanzilishi walilieleza kwa mnyama anayeinuka. Paa ya Paa ikajulikana dunia nzima kama ukumbi wa sanaa uliomilikiwa na kuendeshwa na Waafrika wenyewe, na vitabu vya historia ya sanaa vinaitaja. Kibo vinaitaja kwa sentensi moja, wakati mwingine nusu.

Desemba iliyopita, tukiwa njiani kwenda kwenye mahari ya mpwa wetu, tulisimama Marangu Mtoni tukawauliza vijana watano wa bodaboda ilikokuwa Kibo Gallery. Wawili walituelekeza hotelini. Wa tatu alituonyesha barabara ya kwenda lango la hifadhi, akidhani tunataka kupanda kilele kwa viatu vya mahari. Wa nne aliuliza kama tunamaanisha bia. Wa tano alikuwa mkweli, alisema hajui, na akatutoza pesa ndogo kuliko wenzake. Hatuwalaumu hata kidogo, kwa sababu sisi wenyewe, watu wa Vunjo wenye shahada na vitambulisho vya bodi ya wahasibu, tulikuwa na miaka zaidi ya arobaini tulipolisikia jina hilo mara ya kwanza.

Kwa nini ukumbi wa Marangu ukasahaulika na wa Nairobi ukadumu? Tunavyoona sisi, ukumbi wa mtu mmoja humfuata mtu huyo aendako. Njau alikuwa na kazi Nairobi, marafiki Nairobi na wanunuzi Nairobi. Marangu palikuwa na wazo lake, lakini hapakuwa na kamati, wala mtunza funguo, wala kifungu cha bajeti. Na sisi jamii tulikuwa tunajenga shule, jambo ambalo tulifanya vizuri kweli, na hatukuona kwamba kile nacho ni chetu cha kukilinda. Hii ni hukumu yetu ya watu wa hesabu, mnaweza kuikataa.

Hata hivyo, kudumu kwenyewe hakuna uhakika. Paa ya Paa ilihamia Ridgeways, nje kidogo ya katikati ya Nairobi, na mwaka 1997 iliungua. Picha na vitabu vya miaka mingi viliteketea, ingawa wenyewe waliinuka wakaendelea. Dar es Salaam, ndugu zetu wa tawi la Upanga wanaikumbuka Nyumba ya Sanaa, iliyoanza mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt ikapata jengo lake mwaka 1983, likafunguliwa na Mwalimu Nyerere. Wengine wenu mlinunua pale batiki ya kwanza ya sebuleni. Jengo lile halipo tena. Upande wa pili kuna Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako wasanii wanafanya kazi ndani ya makontena ya mizigo na maonyesho hufanyika hapo hapo. Makontena! Tulipoyaona tulirudi ofisini tukafuta kwenye rasimu ya bajeti mstari uliosema "vigae".

Kuna mahali karibu zaidi pa kutazama, nako ni Old Moshi. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na kwa kumbukumbu ya watu wa pale kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alikitafuta kwa miongo mingi, barua baada ya barua. Maonyesho kuhusu habari hiyo yalitengenezwa kwa ushirikiano wa watu wa Berlin na wa Tanzania, yakaonyeshwa Berlin, na mwaka 2019 yakaletwa Old Moshi yabaki huko. Ni picha, maelezo na filamu ndogo ya michoro, katika kijiji ambamo jambo lenyewe lilitokea. Mwenye kutaka kujua hapandi ndege. Anapanda Hiace kutoka stendi ya Moshi.

Mnamo Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba kati ya mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki yaliyochunguzwa, machache yamelingana kwa vinasaba na familia zilizo hai hapa kwetu. Moja lililingana kabisa na familia ya mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo katika yaliyotambuliwa siku ile. Katika kulitambua fuvu la mshauri yule ilisaidia kwamba mtu aliyelipeleka Ulaya alikuwa ameandika juu ya mfupa neno moja: Akida. Tulisoma habari hiyo ofisini tukanyamaza. Aliyeandika hakuwa na nia njema, aliandika kama mwenye ghala anavyoandika kwenye gunia. Hata hivyo ni neno lile lililosaidia familia kumpata mtu wao baada ya zaidi ya miaka 120.

Mpaka hapa tumesema ya wengine. Sasa tuseme ya kwetu, ambayo mkutanoni tulishindwa kuyasema.

Miaka michache iliyopita chama hiki kilifanya maonyesho yake. Wengi mlikuwepo. Ilikuwa wiki ya Krismasi, katika madarasa mawili ya shule ya msingi, na tangazo lilisomwa kanisani Jumapili mbili mfululizo. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiazima: picha za zamani, vibuyu vya mbege, kata, jembe la mti, risiti za kahawa, kitanda cha kamba ambacho kilibebwa na vijana wanne. Siku nne watu walijaa. Wazee walisimama mbele ya picha wakitajiana majina ya waliomo, na watoto waliokuja likizo kutoka Dar na Mwanza walisikia kwa mara ya kwanza nani alichimba mfongo upi, na nani aligombana na nani kwa ajili ya maji yake. Tulikusanya michango ya kutosha kununua madawati, na taarifa ya fedha ya shughuli ile ilikaguliwa ikatoka safi. Tuliisifia sana, sisi wenyewe tukiwa wa kwanza.

Tarehe 2 Januari ni siku ambayo kila Mchagga anaijua. Magari yanapakiwa ndizi, maparachichi na magimbi kabla ya saa kumi na moja alfajiri, kila mtu anataka kupita Himo kabla ya foleni. Vitu vya maonyesho vilirudishwa jioni ya tarehe 1 kwa haraka na kwa kukumbuka. Kwa kukumbuka, maana hatukuwa na daftari. Kila senti iliyoingia ilikuwa na stakabadhi, na kitu hata kimoja kilichoazimwa hakikuwa nayo.

Picha moja haikurudi. Ilikuwa ya bibi mmoja wa kitongoji cha juu, mjane. Ilimwonyesha marehemu mume wake pamoja na wenzake mbele ya ghala la kahawa la chama cha msingi, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alitupa akiwa ameifunga kwenye kanga, akatuambia ni picha pekee ya mzee aliyo nayo. Tuliitundika mahali pazuri, karibu na dirisha. Baada ya hapo hakuna anayejua. Labda iliingia ndani ya kitabu cha mtu, labda kwenye boksi lililokwenda Dar, labda upepo uliichukua. Simu zilikuwa mifukoni mwetu siku zote nne, na hakuna aliyekumbuka kuipiga picha ile picha.

Tulikwenda kumwomba radhi, na tulibeba masale kama ilivyo desturi. Aliyapokea, akatupa chai. Alisema amesamehe, na hatuna sababu ya kumtilia shaka. Lakini kila Desemba tukipita kumsalimia, tukishaitikiwa shikamoo zetu na kuulizwa habari za watoto, huuliza kwa upole kabisa: "Mzee wangu mmemleta?"

Kwenye vitabu vya chama kila deni lina kiasi. Hili tulijaribu kuliandika tukakwama kwenye safu ya mwisho, kwa hiyo limeandikwa kwa maneno, ukurasa wa kwanza, na litahamishwa kila mwaka kwenda kitabu kipya mpaka lilipwe.

Ndiyo maana ya kifungu kile, ndugu mjumbe. Hatuombi jumba. Tunaomba chumba cha mbele cha ghala la zamani la kahawa, lile lile la kwenye picha, ambalo chama cha msingi kimekubali kwa maandishi tulitumie. Kuta ni za mawe na ni nzima. Bati la upande mmoja linahitaji kubadilishwa, dirisha linahitaji nondo, na sakafu ipigwe dawa ya mchwa. Ukuta wa upande wa mlima una unyevu na hautatundikwa kitu. Ukungu wa mwezi Juni huku juu unamaliza karatasi kuliko moto. Picha zitakaa kwenye fremu zisigusane na kioo, na jua lisizipige. Kila kitakacholetwa kitapigwa picha siku hiyo hiyo, nakala itundikwe, na chenyewe kirudi nyumbani kwa mwenyewe kabla ya jioni kama anataka. Vitakavyobaki vitafungiwa kabatini, funguo mbili, watu wawili. Na litakuwepo daftari: jina la kitu, jina la mwenye nacho, lini kilikuja, kiko katika hali gani, sahihi ya anayetoa na ya anayepokea. Mistari mitano, kama ya New York.

Makadirio yako ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki. Paa la darasa la tatu limetangulia kwenye orodha na litajengwa kwanza, bomba la kitongoji cha juu ni la pili, chumba ni cha tatu. Mwenye kutaka mchango wake uende kifungu kimoja aandike hivyo kwenye fomu na tutaheshimu. Tukifanikiwa, maonyesho ya kwanza yatakuwa wiki ya Krismasi, na tungependa yaanze na nakala za picha za Ntiro na habari za Njau na Kibo, kisha vya kwetu vifuate. Wapo vijana wawili wa kata yetu wanaochora, mmoja anachora mabango ya maduka Himo na mwingine bado yuko sekondari. Wameshaahidiwa ukuta.

Jambo la mwisho ni ombi ambalo halihusu fedha. Picha iliyopotea ni nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, kingo zake zimekatwa kwa mtindo wa meno meno. Wanaume saba wamesimama mbele ya mlango wa ghala, na mzani wa kahawa uko kushoto kwao. Wa tatu kutoka kushoto amevaa koti na ana kalamu juu ya sikio, alikuwa karani. Nyuma kuna muhuri wa studio ya Moshi mjini. Siku zile mpiga picha alitoa nakala kwa kila aliyelipa, na pale walikuwa watu saba. Familia yoyote iliyokuwa na mzee kwenye kamati ya chama cha msingi miaka ile tunaiomba ifungue sanduku, itazame ndani ya Biblia kubwa na nyuma ya fremu za harusi. Mkiipata msituletee Dar na msimpe mtu wa kuja. Pigeni namba ya mhazini iliyo kwenye jalada. Tutakuja wenyewe, na daftari.